Siku moja na kitanki cha lita 60, Dubai

Saa 2 asubuhi. Duka letu la matumbawe ya kufuga linafunguliwa saa 4 ila mimi nawahi, nataka niyaone matumbawe kabla taa hazijawaka. Maji yamepungua kidole kimoja, AC inakausha kila kitu humu, basi naongeza maji ya RO, yaani yaliyochujwa mpaka yakabaki matupu, yasiyo na chumvi, maana kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki palepale (jamaa aliyenitangulia alikuwa anajazia maji ya chumvi kila siku, sijui hata alidumuje). Joto 26, safi.

Namulika tochi ya simu, nakutana na akropora ya kijani, lile tumbawe la matawi. Jamani. Ncha zake kuwa nyeupe sio shida, ndo inapokulia, ila hii imepauka mgongoni, upande wa juu unaotazama taa, huku chini bado kijani kabisa. Kama kanga iliyosahauliwa kambani.

Saa 4 taa zinaanza, bluu kwanza halafu nyeupe taratibu, ikifika saa 6 ziko juu nazamisha kipima mwanga pembeni yake. Juzi kilisoma 220, leo 340! Kufungua programu nakuta taa imetolewa asilimia 45 ikawekwa 70. Bosi huyo. Juzi usiku alikuwa na mteja, akataka zing'ae.

Watu wanadhani akropora inapenda mwanga mwingi kwa hiyo ukiongeza unaifurahisha. Inapenda, ndio, 340 hata haijafika mbali, lakini ndani ya nyama yake kuna vijimwani vinavyoipikia chakula kwa huo mwanga, ukiuongeza ghafla vinazidiwa vinaanza kutoa sumu, tumbawe linavifukuza na rangi inaondoka navyo, na likikaa hivyo muda linakufa njaa. Joto nalo hufanya hivyohivyo, ndo maana 1998 bahari ilipochemka matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka yakafa. Nimerudisha 45. Nikitaka kupanda ni asilimia mbili tatu kwa wiki, basi.

Saa 7 napima alkalini, yaani yale madini ya majini ambayo tumbawe linajengea jiwe lake. Maji kwenye kichupa, dawa, halafu bomba la sindano tone tone huku natikisa, bluu inakataa, inakataa, mara pinki hiyo. 7.6. Jana ilikuwa 8.3. Kwenye tanki la lita elfu usingestuka, ila lita 60 hazina pa kuficha kosa. Soda ya kuokea (bicarbonate) gramu moja na robo inatosha kuirudisha, nimeigawa mara mbili, nusu sasa nusu jioni, siimwagi yote kwa pamoja.

Saa 10 kaja kijana ana tanki la lita 30, lina wiki tatu, anataka akropora. Nikamwambia chukua uyoga wa bahari na zoa kwanza, hayo ni matumbawe laini yasiyokufa ovyo, urudi baada ya miezi sita. Bosi kaninunia mpaka saa 12, sawa tu.

Mama kapiga saa 1. Kwetu Mikindani matumbawe yalikuwa yanavunjwa yanachomwa chokaa, nusu ya nyumba za mtaani ndo hiyo chokaa, sasa nilipomwambia kipande cha urefu wa kidole gumba tunauza dirham 200 akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, yaani waarabu wananunua mawe?" Nikamwambia mama sio mawe, ni mdudu anayejijengea jiwe. "Haya, basi mdudu mwenyewe analala saa ngapi?"

Halali. Saa 3 usiku taa zinafifia, nazima pampu kubwa dakika kumi, natia chakula cha unga tone mbili, na ile mikono midogo inatoka kila tundu. Hata huko mgongoni kulikopauka imetoka, michache.

Pampu nimewasha. Taa nimeiwekea neno la siri, karatasi nimebandika pia: USIGUSE, Kiswahili tu. Bosi hakisomi ila ataniuliza.