Cherehani kilichoruka mishono kwenye kitambaa cha fulana

Nilipokuwa nikimshonea mpwa wangu nguo za kulalia kwa kitambaa cha fulana, cherehani changu, ambacho hushona kitenge bila shida, kilianza kuruka mishono. Fundi mmoja wa hapa Kirumba alishauri nikaze uzi wa juu. Nilikaza, uzi ukakatika. Kumbe tatizo lilikuwa sindano: kitambaa kinachovutika huishikilia sindano yenye ncha kali na kupanda nayo, hivyo kitanzi cha uzi hakifanyiki vizuri, na ndoano ya chini ya cherehani, ambayo hukidaka kitanzi hicho ili kufunga mshono, hukikosa. Nilifunga sindano namba 11 yenye ncha ya mviringo, ambayo husukuma nyuzi kando badala ya kuzitoboa, kisha nikachagua zigizaga nyembamba, yaani mshono wa kwenda kushoto na kulia, ili mshono uvutike pamoja na kitambaa. Mishono haikuruka tena.