Siku moja maishani mwangu: fundi viatu wa Banff

(Msimulizi ni Thomas Edward, fundi viatu aliyekusanya na kuchunguza viumbe, aliyeishi 1814 hadi 1886 na kufanya kazi Banff, kaskazini mwa Scotland. Sauti nimemkopesha mimi, maisha ni yake. Tuko miaka ya 1860, kabla Malkia Victoria hajampa pensheni ya pauni 50 kwa mwaka.)

Saa 11 alfajiri. Maji yamekupwa, niko miambani nakagua mitego: vyombo vikuukuu nilivyovijaza mwani na kuvizamisha vidimbwini. Mabwana wasomi wana mashua na nyavu nzito za kukokota sakafuni mwa bahari. Mimi nina masufuria mabovu.

Saa 12. Kazini. Ngozi, msharasi, uzi, nta. Hapa sibanduki mpaka usiku, na ujira wenyewe haushibishi nyumba yangu. Kiatu ni kiatu, hakina la kusimuliwa.

Saa 7 mchana. Binti yangu karudi kutoka kwa wavuvi wa Macduff, ng'ambo ya mto Deveron, na ndoo ya matumbo ya samaki. Ndiyo, matumbo! Samaki wa kilindini hula kila kitambaacho chini, mahali ambapo mimi sitafika kamwe. Ukimpasua unakuta vijikaa, konokono, na viumbe wa jamii ya kamba wa baharini, wadogo kama punje ya mchele. Wengi wameanza kumeng'enywa, miguu imenyofoka, hata mtu huwezi kumjua nani ni nani. Ila mara mojamoja hutoka mmoja mzima, mgeni kabisa. Harufu yake? Sophia, mke wangu, aliacha kuuliza zamani. Samaki ananikokotea bahari, wala hadai ujira.

Saa 3 usiku. Nyumbani, mshumaa, chupa. Viumbe wageni nawapeleka kwa posta hadi Plymouth kwa Charles Spence Bate, daktari wa meno anayeandika na John Westwood, mtaalamu wa wadudu, kitabu cha viumbe hawa. Mmoja amempa jina langu. Heshima kubwa, ingawa muuza unga haipokei.

Masanduku nayafunga sana. Panya waliwahi kunilia wadudu karibu elfu moja niliowakusanya kwa miaka, na mkusanyiko mwingine niliuza Aberdeen mwaka 1846 kwa pauni 20 na ushee, kulipa madeni.

Saa 6. Mmoja wa leo simtambui, na kakatika mkia. Kesho binti akawaulize wavuvi yule samaki walimvua upande gani wa ghuba yetu, Moray Firth.