Nilivyoacha kuubana ugwe na kujifunza kufunga kitanzi cha kifyatulio

Nilikulia Karatu, Tanzania, na utotoni niliwahi kuwaona Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wakivuta pinde zao kwa vidole vitupu, kwa hiyo nilipoanza kulenga shabaha hapa Michigan miaka minne iliyopita nilidhani kifyatulio, yaani kifaa cha mkononi kinachoushika ugwe (kamba ya upinde) na kuuachia badala ya vidole, ni anasa ya watu wenye fedha. Nikavuta kwa vidole, nikavumilia siku mbili tu. Upinde wa Mhadzabe ni mrefu, na ugwe wake ukivutwa huacha pembe pana ambamo vidole hukaa bila taabu. Upinde wangu wa kompaundi, yaani wenye kapi kila ncha, una inchi 31 kutoka ekseli ya kapi la juu hadi ekseli ya kapi la chini, na ukivutwa hadi mwisho ugwe hukunjika kwa pembe kali kiasi kwamba vidole vitatu husongamana juu ya mkia wa mshale na kuuminya. Pinde za namna hii, ambazo Mmarekani Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969, zimezidi kufupishwa tangu wakati huo, na kadiri zinavyofupishwa ndivyo vidole vinavyokosa nafasi.

Nikanunua kifyatulio cha mkanda, kile kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono, chenye taya mbili ndogo za chuma mbele na kilimi cha kubonyezwa kwa kidole cha shahada. Muuzaji alinionyesha namna ya kukivaa, akaishia hapo. Namna ya kukishikisha kwenye ugwe hakuitaja, nami sikuuliza, kwa sababu niliona jibu liko wazi: taya zinafunguka, ugwe unapita katikati, zinafunga.

Ndivyo nilivyofanya kwa miezi mitatu. Niliubana ugwe moja kwa moja chini ya mshale, na mwanzoni nilifurahi, maana mishale ilikwenda mbele kwa kasi na vidole havikuuma tena. Kisha ikaanza kuniumbua. Katika ukumbi tunaolengea majira ya baridi, umbali wa mita 18, mishale sita ya zamu moja ilitawanyika juu na chini kama iliyorushwa na watu sita, ilhali kushoto na kulia haikuachana sana. Nilijilaumu kwa kubonyeza kilimi kwa pupa, nikafanya mazoezi ya kupumua, nikabadilisha kiegemeo cha mshale, na hata nikanunua mishale mipya, jambo ambalo mke wangu hajalisahau.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Bukavu ambaye hufika ukumbini kila Jumamosi. Alinitazama nikivuta mara mbili, akaniambia, “Mdogo wangu, mkono wako hauna kosa. Angalia unachokibana.” Akanishikia taa ya simu karibu na ugwe. Uzi mwembamba uliozongwa katikati ya ugwe ili kuukinga ulikuwa umechanika na kutoa manyoya mahali taya zilipokuwa zikiuma, na juu kidogo ya hapo plastiki ya mkia wa mshale ilikuwa na alama nyeupe ya kusuguliwa.

Maelezo yake yalikuwa mafupi, na tangu hapo nimeyathibitisha mwenyewe. Unapoubana ugwe chini ya mshale, nguvu ya mkono wako haipiti nyuma ya mshale bali chini yake, na taya zinapokaza huusukuma mkia wa mshale kwenda juu. Unaweza kuuona mshale ukitaka kuinuka kutoka kwenye kiegemeo kabla hata ya kuufyatua. Wapo wanaoweka kijipira kati ya taya na mshale ili kupunguza msukumo huo, na wapo wanaopandisha kidogo mahali pa kupachika mshale. Zote ni tiba za dalili, ingawa mwindaji anayefyatua mishale michache kwa msimu anaweza kuridhika nazo.

Kabla ya kufuata ushauri wake, wa kufunga kitanzi kwenye ugwe ili taya zibane hicho, niliazima kifyatulio cha kamba, ambacho badala ya taya za chuma kina kipande kifupi cha kamba kinachozunguka ugwe na kurudi kunasa kwenye ndoano yake. Ugwe haudhuriki, hilo nakubali. Lakini kuipitisha ile kamba kila mara, tena ukiwa na glavu kwenye baridi ya Novemba, ni kazi ya kumtoa mtu jasho, na nguvu bado inatoka chini ya mshale. Vitanzi vya chuma vinavyofungwa kwenye ugwe kwa skrubu sikuvijaribu, kwa sababu uzito wowote unaoongezwa katikati ya ugwe hupunguza mwendo wa mshale.

Kilichobaki ni kitanzi cha kamba, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Ni kipande cha kamba ya poliesta iliyosukwa, chenye unene wa milimita 2 hivi, kinachofungwa kwenye ugwe juu na chini ya mkia wa mshale, kikaunda umbo la nusu duara kwa nyuma. Taya hubana kitanzi badala ya ugwe, na nguvu hupita nyuma ya mshale wenyewe.

Cha kwanza nilikifunga vibaya, na nililipia. Nilikata sentimita 11, nikachoma ncha haraka haraka kwa kibiriti cha gesi, nikakaza mafundo kwa vidole. Siku ya pili, nikiwa nimevuta hadi mwisho, fundo la chini lilichoropoka. Mkono uliokuwa ukivuta ulirudi ghafla, kifyatulio kikanipiga mdomoni, na mshale ukaenda kugonga ukuta wa pembeni. Mdomo ulivimba siku tatu. Upinde niliupeleka kwa fundi akague kapi na ugwe kabla ya kuuvuta tena, kwa sababu ugwe ulioachiwa bila mpango unaweza kuruka kutoka kwenye mfereji wa kapi au kulipinda kapi lenyewe.

Kosa lilikuwa kwenye ncha. Kamba inapochomwa lazima nyuzi zake zichambuliwe kwanza zitawanyike, ziyeyuke taratibu, kisha zibonyezwe kwa kitu cha chuma hadi zitengeneze kichwa kipana kama cha uyoga, kwa maana hicho kichwa ndicho kinachozuia fundo kufunguka. Sasa nachoma ncha moja, naifunga juu ya mahali pa mshale kwa kuizungusha nyuma ya ugwe na kuirudisha ndani ya tanzi lake, kisha naipima ncha ya pili, naichoma, na kuifunga chini kwa njia hiyohiyo, lakini kichwa chake nakielekeza upande ulio kinyume na cha juu. Kama vichwa vyote viwili vikielekea upande mmoja, kitanzi husokota ugwe unapovutwa, na kijitundu cha kuchungulia shabaha, kilichopachikwa kati ya nyuzi za ugwe juu yake, hugeuka pembeni, ukabaki unatazama nyuzi badala ya shabaha.

Kukaza kwa vidole hakutoshi. Naingiza midomo ya plaizi ndani ya kitanzi ikiwa imefungwa, naitanua kwa nguvu, narudia mara tatu au nne hadi mafundo yanapoacha kusogea. Kisha napachika mshale na kupima kwa skwea ya upinde, kipimo cha pembe mraba kinachoshikizwa kwenye ugwe, nikihakikisha kwamba mshale uko usawa au umepanda kwa milimita moja hivi nyuma. Kati ya mafundo na mkia wa mshale naacha upenyo mdogo sana, kwa kuwa ugwe ukikunjika mafundo husogeleana, na mshale uliobana tayari utaminywa kama ilivyokuwa kwa vidole.

Jambo moja sikulitarajia. Kitanzi huusogeza mkono nyuma kwa zaidi ya sentimita moja, na ngumi yangu, ambayo ilizoea kutulia chini ya mfupa wa taya, ikawa karibu na sikio. Ilinibidi nipunguze urefu wa mvuto kwa nusu inchi kwenye kapi. Baada ya hapo nilisimama mita mbili mbele ya karatasi iliyotandazwa kwenye fremu, nikafyatua ili mchaniko wake unionyeshe mshale unavyoruka. Mwanzoni, nilipokuwa nikibana ugwe, mchaniko ulipanda zaidi ya sentimita 2 juu ya tundu la mshale. Safari hii palikuwa na tundu moja na alama tatu za mabawa kulizunguka.

Kidole cha shahada siku hizi nakiweka nyuma ya kilimi hadi nimalize kuvuta, tahadhari niliyoanza baada ya kupigwa mdomoni. Kitanzi kilichopo sasa kimeanza kutoa vinyuzi upande wa juu, kwa hiyo nitakikata wiki hii na kufunga kipya, ili nipate muda wa kukizoea kabla ya msimu wa kulungu kwa wenye pinde kufunguliwa tarehe 1 Oktoba.