Mtoto hatulii: fimbo, kombe au kidonge?

Bibi wa mwanafunzi wangu mmoja hataki kusikia habari ya hospitali. Mjukuu wake yuko darasa la kwanza hapa Makorora, Tanga, na mimi ndiye mwalimu wake. Nikigeuka kuandika ubaoni, yuko dirishani. Nikimrudisha, penseli imepotea na daftari la jirani limechanika. Baba yake, kibarua wa bandarini, ametumiwa ujumbe na ndugu yao aliyeko Marekani kwamba mtoto ana ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kuzingatia, na atafutiwe dawa upesi. Bibi akanijia: “Mwalimu, baba yake naye alikuwa hivihivi, mbona kakua?”

Hofu ya bibi naielewa. Mkoani kwetu ukitaja daktari wa akili, watu wanawaza Lutindi, ile hospitali ya milimani Korogwe iliyoanza zama za Wajerumani, na mtoto anabandikwa jina la wazimu hadi siku atakapotafuta mchumba. Kwa hiyo bibi amemnywesha kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, na ustadhi wa chuoni kwake, yaani madrasa, amemsomea. Dua sina neno nayo. Kinachoniuma ni bakora alizokula mtoto huyu kabla hajafika mikononi mwangu, kisa hatulii. Kama kujizuia ndiko kunakomshinda, unamchapa ili afanye nini? Ameshajifunza kukinga uso kila mtu mzima anapoinua mkono, hata ninapotaka kumpa chaki.

Na baba naye? Anataka mwanawe asome, basi. Lakini kidonge anakiona kama panadoli, umeze upone, na hapo ndipo tunapotofautiana.

Dawa hizi ni za zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1937 Charles Bradley, daktari wa Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto benzedrini, dawa ya kuchangamsha, akitafuta nafuu ya maumivu ya kichwa. Kichwa kando, karibu nusu ya wale watoto 30 wakaanza kufanya vizuri sana masomoni. Baadaye ikaja Ritalin. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 1999, wa watoto 579, ulionyesha kuwa waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walipata nafuu kuliko waliopewa malezi ya tabia peke yake. Walipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, tofauti ile ilikuwa imetoweka. Wanaoitetea dawa na wanaoipinga, kila upande unaushika utafiti huohuo. Shirika la Afya Duniani nalo liliombwa kuiingiza methilifenideti, dawa iliyomo ndani ya Ritalin, katika orodha yake ya dawa muhimu; likakataa 2019, likakataa tena 2021, kwa kuona ushahidi wa faida na madhara yake bado haujatosha.

Msimamo wangu ni huu: ADHD ipo, dawa inawasaidia watoto wengi, na mzazi anayempa mwanawe baada ya vipimo vya kweli asisimangwe na mtu. Ila ugonjwa hautambuliwi kwa ujumbe wa simu, wala mimi mwalimu sina mamlaka ya kuutaja.

Tena kuna jambo la umri ambalo sisi walimu hatulisemi. Katika majimbo ya Marekani ambako mtoto huandikishwa kwa kuangalia kama ametimiza umri ifikapo tarehe 1 Septemba, utafiti wa 2018 ulikuta waliozaliwa Agosti, yaani wadogo kabisa darasani, wanaambiwa wana ADHD kwa asilimia 34 zaidi ya wale wa Septemba. Mwanafunzi wangu ni wa Desemba. Anayekaa naye dawati moja ni wa Januari ya mwaka uleule. Katika umri huu miezi kumi na moja ni mingi mno, na darasa likiwa limefurika kama langu, aliye mchanga ndiye anayeonekana msumbufu.

Daktari atataka kujua kama dalili zimedumu miezi sita au zaidi, na kama zinaonekana sehemu zaidi ya moja. Hapa kwetu mtoto ana sehemu tatu: nyumbani, shuleni, chuoni. Nimemwomba bibi amuulize ustadhi, maana mtoto asiyetulia kwangu tu huenda tatizo ni darasa langu. Apimwe pia masikio na macho, aulizwe analala saa ngapi, na kama aliwahi kupata degedege.

Wakati huo nimemweka mbele, mbali na dirisha, na kufuta ubao ni kazi yake. Somo nalikata vipande vifupi. Hesabu anazimaliza siku hizi, kuandika bado.

Bibi amekubali kwenda Bombo, hospitali ya mkoa wetu, kwa sharti niwaandikie ninayoyaona darasani. Nimeandika, bila kutaja ugonjwa wowote. Ikitokea daktari akaanzisha dawa, nimeshamwambia bibi aulize mambo mawili: lini watarudi kumpima uzito na urefu, na kama mtoto anywe uji wake kwanza, kwa sababu dawa hizi hukata hamu ya kula na huyu ni mwembamba tayari.