Nafasi Nne Kando ya Mto Severn

Baharia kijana wa langoni mwa chuo cha wanamaji cha Annapolis, Marekani, aliigeuza leseni yangu ya udereva mara mbili, akakitazama na kitambulisho changu cha mstaafu wa jeshi, kisha akanirudishia vyote kwa adabu. Mgeni asiye raia wa Marekani haingii pale bila pasipoti. Yangu ilikuwa Baltimore, kwenye droo ya mpwa wangu. Asubuhi hiyo aliniuliza, "Mjomba, pasipoti umebeba?" nikamjibu nimebeba, maana mkoba wa hati ulikuwa begani, sikuufungua kuhakikisha. Katika miaka 28 jeshini sijui ni watu wangapi niliowarudisha langoni Mtongwe, kambi yetu ya wanamaji Mombasa, kwa kosa kama hilo. Nilimshukuru kijana, nikageuka.

Teksi ya kuja ilikuwa dola 58. Kurudi Baltimore, 61. Kuja tena, kwa kuwa magari yalishaanza kujaa barabarani, 67. Jumla dola 186, karibu shilingi 24,000 za kwetu. Mpwa wangu ni muuguzi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, simu ameizima, nami sikuwa na moyo wa kumwamsha hata nilipoingia chumbani kuichukua pasipoti. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma cha teksi nikipiga hesabu. Kwenye kundi letu la WhatsApp, la sisi tuliokuwa kozi moja ya makadeti, mchango wa msiba ni elfu mbili kwa kila mtu. Asubuhi moja nilikuwa nimeteketeza misiba kumi na miwili barabarani, na hesabu hiyo haikuniacha siku nzima.

Niseme nilikuwa nikitafuta nini huko. Nilikwenda Marekani wiki tatu kumtembelea mpwa wangu. Washington tulitembea siku nne na sina la kuandika, ila miguu iliniuma na maji ya chupa yanauzwa dola nne. Annapolis ndiyo niliyoitaka. Tangu tukiwa makadeti tulilisikia jina hilo: chuo cha maofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, kilichofunguliwa tarehe 10 Oktoba 1845 kwenye ngome kuukuu, kikiwa na wanafunzi 50 na walimu saba. Sisi tulikuwa 22. Tulianzia Lanet, Nakuru, kusikoonekana bahari hata ukipanda juu ya mti, ndipo tukateremshwa Mtongwe. Mmoja wetu alikuwa na picha ya Annapolis aliyoikata gazetini, akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake. Aliniambia tukistaafu tutakwenda wote wawili. Ametangulia mbele ya haki.

Nikisubiri ile teksi ya kurudi Baltimore niliketi gatini, hatua chache kutoka langoni. Pale pana sanamu ya Alex Haley akiwasomea watoto watatu, kwa kumbukumbu ya Kunta Kinte ambaye, kwa masimulizi ya ukoo wa Haley, alishushwa katika bandari hiyo mwaka 1767. Haley naye alikuwa mtu wa bahari. Alitumikia Walinzi wa Pwani wa Marekani miaka 20 kabla dunia haijamjua kwa uandishi. Nilikaa karibu naye nusu saa. Joto la Julai la huko si la Mombasa. Hakuna upepo wa kusi wa kulipoza, na jasho halikauki. Nilinunua mkate wenye nyama ya kaa kwa dola 34, nikaumaliza kwa sababu ya bei yake tu.

Saa nane kasoro nikaingia.

Majengo nitayapita haraka. Bweni lao, Bancroft Hall, linalaza wanafunzi wote zaidi ya 4,000 chini ya paa moja, na humo ndani mna ukumbi wa kumbukumbu ambako mtu huvua kofia bila kuambiwa. Juu imetundikwa nakala ya bendera aliyoipandisha Oliver Hazard Perry katika vita vya Ziwa Erie mwaka 1813, yenye maneno ya mwisho ya Nahodha James Lawrence: msiiache meli. Chini yake ni majina ya waliosoma hapo wakafa vitani. Chini ya kanisa amelazwa John Paul Jones, nahodha wa vita vya uhuru wa Marekani, aliyefia Paris mwaka 1792, akazikwa, akasahauliwa. Balozi wa Marekani huko, Horace Porter, alilitafuta kaburi lake kwa miaka mpaka akalipata mwaka 1905. Nilisimama mbele ya lile jeneza la marumaru nikawaza kwamba mtu amekaa miaka 113 bila wa kumjua alipo, na bado akatokea mmoja wa kumtafuta.

Makaburi yako ng'ambo ya kijito, unavuka daraja dogo. Viatu vilikuwa vimeshanichubua kisigino. Ni kilima chenye miti mikubwa, kinautazama mto Severn, na mawe hayakupangwa kwa urefu mmoja kama ya jeshi. Kila familia imeweka lake. Nililitafuta la Arleigh Burke, aliyekuwa mkuu wa jeshi lao la wanamaji kwa vipindi vitatu, kuanzia 1955 hadi 1961. Nilijua limeandikwa cheo gani kwa sababu tuliwahi kusimuliwa darasani, lakini nilitaka nilione kwa macho: Baharia. Basi.

Hapo ndipo nilipomkuta mzee mmoja amepiga magoti mbele ya jiwe, ana chupa ya maji na brashi ndogo ya kusugulia kola za mashati. Alikuwa anaondoa ukungu wa kijani kwenye herufi. Akaniangalia nilivyosimama, miguu pamoja, mikono nyuma, akaniuliza pasipo salamu, "Wewe wa darasa la mwaka gani?"

Nikamweleza mimi si wa pale, natoka Kenya. Akafurahi kweli. Akanipa mkono wa maji, nikamsaidia kusimama. Yeye ni wa darasa la 1966, na jiwe lile ni la aliyelala naye chumba kimoja. Akaniuliza kama nimeshaonyeshwa wale wawili wa 1958. Nikasema bado. Akaniongoza polepole, magoti yake yalikuwa mabovu, nami kisigino changu hakikutaka mwendo wa haraka zaidi ya ule.

Wale wawili ni John McCain na Charles Larson. Walihitimu siku moja. Larson alikuwa kiongozi wa darasa na kamanda wa brigedi ya makadeti; McCain alimaliza wa 894 kati ya 899. Ukiwatazama kwa karatasi hawakuwa na la kuwaunganisha, lakini walikuwa marafiki tangu ujana, wakaenda wote Pensacola kujifunza urubani. Baadaye Larson akahamia kwenye nyambizi. McCain ndege yake ikatunguliwa juu ya Hanoi mwezi Oktoba 1967, akaangukia ziwani amevunjika mikono yote miwili na mguu, akakaa mfungwa miaka mitano na nusu, hadi Machi 1973. Baba yake, admirali, ndiye aliyekuwa kamanda wa majeshi ya Marekani katika Pasifiki kwa miaka mingi ya kifungo hicho. Larson naye akaja kukikalia kiti hicho hicho kuanzia 1991, na mara mbili akakiongoza chuo. McCain akawa seneta, akagombea urais.

"Larson ndiye aliyetafuta nafasi," mzee aliniambia, akionyesha kwa brashi. "Nne. Mbili zake na mkewe, mbili za McCain na mkewe." Larson alifariki Julai 2014. McCain akamfuata Agosti 2018, na kwa ombi lake mwenyewe akaletwa hapa, akalazwa kando ya mwenzake.

Nilikaa chini kwenye majani. Nimehudhuria mazishi mengi ya wenzangu na kila mmoja tulimpeleka kwao: Lunga Lunga, Siaya, Mwingi, Lamu. Ndivyo inavyopasa kwetu, mtu hulala kwa watu wake, na sisemi tufanye vingine. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu mzima mwenye cheo anaweza kukaa akapanga mwenzake wa kozi atalala wapi.

Mzee akaniuliza mmebaki wangapi. Nikamwambia tulikuwa 22, tumebaki 13. Akauliza, "Orodha anaiweka nani?" Kwao kila darasa lina mtu wake, chama cha wahitimu kina jarida, na mhitimu akifa darasa humwandikia alikotumikia, meli gani, aliacha nani. Alisema siku hizi jarida analianzia kurasa za mwisho.

Sikuwa na jibu. Orodha tunazo, za michango. Ukiniuliza nani alitoa elfu mbili kwenye msiba wa mwaka juzi na nani aliahidi hakutoa, nakuonyesha sasa hivi, na ujumbe wa M-Pesa juu yake. Ila waliofariki wenyewe, majina yao kamili, siku waliyofariki, manowari walizotumikia, hakuna aliyeandika. Msiba ukiisha tunafunga hesabu, anayefuata kuandika anaandika habari nyingine.

Mzee alipoaga nilitoa daftari langu dogo nikaanza. Yule wa picha ya kabatini, aliyekwenda na meli Septemba 2012 askari wetu waliposhushwa ufuoni Kismayu, akarudi salama, akauawa na sukari. Yule aliyewafundisha kuogelea vijana wa bara: alisimama majini shingoni, mikono miwili chini ya mgongo wa kuruta anayetetemeka, akimwambia taratibu, "Tazama mbingu, mwanangu, maji niachie mimi." Wamepita mikononi mwake mamia, na leo wako kwenye meli hawajui kwamba amekufa. Wawili wa ajali ya barabarani, mwaka mmoja. Wawili wa presha. Mmoja wa saratani. Mmoja bahari ilimchukua usiku na haikumrudisha. Huyo mama yake alizeeka hana pa kuweka ua. Pale makaburini pana msalaba mrefu uliochongwa kama umevaa barafu, wa meli Jeannette iliyopondwa na barafu ya Aktiki mwaka 1881. Kati ya watu 33 walikufa 20. Kamanda wao, De Long, hakuzikwa chini yake. Hata hivyo wenzao waliujenga. Nilisimama mbele yake kwa ajili ya mama yule.

Wa tisa ni Fundi. Alikuwa ofisa wa mitambo, mtu wa kulala juu ya kipande cha katoni kando ya jenereta akihofia itazima alfajiri. Kwa miaka 40 nilimwita Fundi. Majina yake mawili ninayo, la tatu sikulijua, wala tarehe. Alizikwa kwao alasiri ile ile aliyofariki, sisi tulifika kutoka Mombasa kaburi limeshafukiwa.

Ilikuwa saa tisa na robo. Mombasa saa nne usiku. Nikampigia mwenzangu wa kozi.

"Kamanda, salama huko ugenini?"

"Salama. Fundi, jina lake la tatu ni nani?"

Akanyamaza. Nikasikia televisheni nyuma yake ikipunguzwa sauti. "Fundi yetu?" akauliza. "Ngoja... Fundi ni Fundi, bwana." Kisha kwa sauti nyingine, "Kuna nini?" Nikamweleza kuhusu brashi, nafasi nne, daftari. Akasema kesho asubuhi atakwenda kwa mjane, ana hakika nyumba anaikumbuka, na asipoikumbuka ataulizia msikitini.

Jioni mpwa wangu alinifuata kwa gari lake, akanigombeza kwa sababu sikumwamsha, kisha akaondoka kwenda zamu. Saa nane usiku simu ililia kwenye meza ya jikoni. Majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki, na picha ya mjane akiwa na wajukuu wawili mlangoni. Nikawasha taa nikaandika.