Lizi imebaki miaka 71, benki ikakataa, hivi ndo nilipata mkopo

Kama unanunua flati Uingereza na benki imekukatalia sababu ya lizi (mkataba wa kumiliki flati kwa miaka fulani tu, ardhi ni ya mtu mwingine), usiikimbie hiyo flati kwanza. Yangu iko Leicester, surveya (mkaguzi wa nyumba) alipoandika lizi imebaki miaka 71 benki ikagoma palepale, maana mkopo wa miaka 30 ukiisha ingebaki 41 na flati ya hivyo haiuziki, na kusema kweli wana haki kuogopa, flati ndo dhamana yao.

Loya wangu ndo akatuonyesha njia. Kuna sheria ya 1993, mwenye lizi anadai aongezewe miaka 90 juu ya iliyobaki na kodi ya ardhi anayolipwa mwenye ardhi inakuwa sifuri kabisa. Basi muuzaji akapeleka notisi ya kudai hiyo miaka kwa mwenye ardhi, huyo anapewa angalau miezi miwili kujibu kwa hiyo uwe na subira. Bei inauma, lizi ikishuka chini ya miaka 80 unalipa na nusu ya thamani inayoongezeka lizi ikirefushwa, sisi tukakubaliana itoke kwenye pesa ya mauzo.

Benki ikaandika itatoa mkopo mradi lizi mpya isainiwe siku ileile ya kukabidhiana, ikasainiwa, sasa ni miaka 161. Waliuliza pia sevisi chaji (ada ya kutunza jengo) na kuta za nje kama zinashika moto, hayo yalipita.

Kama utachukua notisi ya muuzaji uimalizie mwenyewe, ihamishwe kwako pamoja na flati siku hiyohiyo, la sivyo inakufa, mkumbushe loya.