Saa Yangu Hupima Mwanga, Mengine Hukisia

Usiku mmoja niliamka, nikaitupia jicho saa janja iliyokuwa mkononi mwangu na kukuta imeandika kwamba oksijeni katika damu yangu ilikuwa asilimia 84. Kwa mtu mzima mwenye afya kiwango hicho kwa kawaida huwa kati ya 95 na 100, hivyo nilikaa kitako kitandani nikizisikiliza pumzi zangu kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Nilipokichukua kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni, kikasema 97. Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeulalia mkono ule, na ukanda wa saa ulikuwa umelegea kiasi cha kupitisha vidole viwili chini yake.

Kosa lile halikuwa la saa peke yake. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiisoma kana kwamba ina jicho linaloona ndani ya mishipa, ilhali ukiigeuza utaona vitaa vichache tu na kijidirisha cha kupokea mwanga. Vitaa vya kijani humulika ngozi, na kwa kuwa damu hufyonza sana mwanga wa kijani, kila moyo unapopiga na mishipa midogo kujaa, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Kupungua na kuongezeka huko ndiko programu inakokuhesabu na kukuita mapigo ya moyo. Mtu akiwa ametulia hesabu hiyo hutoka vizuri mno, lakini akianza kukimbia au kukamua nguo, saa huchezacheza juu ya ngozi na programu hulazimika kutenganisha mtikisiko wa mkono na mdundo wa moyo, kazi ambayo wakati mwingine huishinda.

Oksijeni ni ngumu zaidi. Hapo hutumika mwanga mwekundu pamoja na miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, kwa sababu himoglobini, protini ya damu inayosafirisha oksijeni, ikiwa imebeba oksijeni hufyonza mwanga mwekundu kidogo kuliko ile isiyobeba, na uwiano wa miale hiyo miwili ndio unaogeuzwa kuwa asilimia. Msingi huo uliwekwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kidoleni mwanga hupenya kutoka upande mmoja hadi wa pili, lakini kwenye kifundo cha mkono saa hutegemea mwanga uliogonga na kurudi, ambao ni hafifu, na ubaridi wa mkono, mchoro wa chale au ukanda uliolegea huufifisha zaidi. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo la kuongezea hapa, kwa kuwa melanini, ile rangi asilia ya ngozi, nayo hufyonza mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba hata vipimo vya kidoleni vya hospitali vilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Ikiwa vile vya hospitali hukosea namna hiyo, sioni sababu ya kuiamini saa kuliko vyenyewe.

Kuhusu kalori zilizochomwa sitasema mengi: nilikwisha kuiondoa namba hiyo kwenye kioo cha saa yangu, maana hukisiwa kutokana na mapigo, uzito na mwendo, na makisio hayo hupotoka vibaya. Hatua nazo huhesabiwa na kihisi cha mwendo kinachopima mtikisiko wa mkono, hata nikipiga mswaki kwa bidii hupewa hatua kadhaa za zawadi. (Ile shabaha ya hatua 10,000 haikuanzia maabara, ilitokana na jina la kipimo cha hatua kilichouzwa Japani katika miaka ya 1960.)

Kipimo cha umeme wa moyo ni habari nyingine, nami nakiheshimu. Unapogusa ukingo wa saa kwa kidole cha mkono wa pili, mzunguko unakamilika kupitia kifuani na saa inasoma umeme wenyewe wa moyo, si kivuli chake kilichopita kwenye mwanga. Mwanasayansi Mmarekani Norman Holter alipofanya jambo linalokaribiana na hilo mwishoni mwa miaka ya 1940, alibeba mgongoni mtambo wa takriban kilo 38. Hata hivyo, saa huusoma umeme huo kwa upande mmoja tu, wakati mashine ya hospitali huutazama moyo kwa pande 12, na ndiyo maana watengenezaji huandika wazi kwamba saa haiwezi kutambua shambulio la moyo. Inachoweza ni kudokeza mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, hali inayoweza kuleta kiharusi kwa mtu asiyejua kabisa kwamba anayo.

Kifaa pekee ninachokijua kinachoingia chini ya ngozi bila kuwa sindano ya daktari ni kile cha sukari kinachobandikwa mkononi au tumboni. Uzi wake mwembamba hulala katika majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili, kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, kikajibizana na glukosi na kuzalisha umeme kidogo unaopimwa. Kwa kuwa sukari hutangulia katika damu kabla ya kufika kwenye majimaji hayo, kifaa huchelewa kwa dakika kadhaa, na anayejidunga insulini anapaswa kukumbuka hilo sukari inapopanda au kushuka kwa kasi. Ama zile saa na pete zinazotangazwa kupima sukari bila kutoboa ngozi, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwezi Februari 2024 kwamba haijaidhinisha hata moja.

Saa yangu bado naivaa, sasa ikiwa imebana vizuri juu kidogo ya mfupa wa kifundo. Nilipokwenda kwa daktari wangu hivi karibuni nilimwonyesha asilimia ile ya 84, akaipita bila kusema neno. Alichokitaka ni mchoro wa mapigo ya moyo wakati wa mapumziko kwa miezi miwili. Aliupitisha kidole mpaka mahali ambapo mstari ulipanda kwa siku tano, akauliza, "Hapa ulikuwa na nini?" Nilikumbuka mafua yaliyonilaza wiki ile, nikamtajia siku yaliponianza, naye akanionyesha kwamba mstari ulikuwa umeanza kupanda siku moja kabla.